Sikio la Onufry

Mwezi wa tano. Theluji imebaki vipande vichafu nyuma ya ghala la ngano,
na pikipiki ya baba imetoka bandani ikilia.
Si injini; injini inakoroma kama mtu aliyeshiba.
Ni mkanda. Kwii, halafu kimya kidogo, kwii,
hafifu kwenye changarawe, mkali kwenye lami,
hata farasi wa akina Pidwerbesky wanasimamisha masikio
nikikata kona kuelekea Yorkton.

Kaka yangu Lubomyr, ambaye dawa yake ya kila kitu ni spana ndefu,
alikuja Jumamosi akakaza.
"Kinacholia kimelegea," akasema, akajipangusa mikono kwa suruali.
(Ndivyo alivyofunga lango la ng'ombe, mpaka bawaba zikang'oka.
Ndivyo alivyomlea Petrusia, aliyehamia Halifax
na hapigi simu.)
Siku nne kimya. Ya tano mlio ukarudi
na mwenzake, mvumo mnene wa chini kwa chini:
beringi ikisaga meno.

Nikampigia baba, wodi ya pili, kitanda cha dirishani.
Macho yamemtoka, mguu mmoja pia. Masikio hayajamwacha.
"Laza simu chini, karibu na puli ya nyuma.
Zungusha gurudumu kwa mkono. Polepole.
Na usinisimulie."

Nikazungusha.
Akahesabu kwa Kiukraini, pumzi ikimkwaruza.
"Inalia mara moja kila gurudumu likizunguka mara mbili.
Basi puli haina kosa. Kosa linasafiri na mkanda.
Tafuta jiwe."

Nikapiga magoti na tochi mdomoni,
nikapapasa jino baada ya jino kama mtu anayesali rozari asiyoiamini,
na kwenye la sitini na kitu, nilipoteza hesabu,
kokoto, ndogo kuliko dengu,
imejichimbia katikati ya mpira kama kupe.
Nikaing'oa kwa sindano ya kushonea magunia.
"Tundu liko katikati au ukingoni?"
Katikati, baba.
"Utaishi nao. Uutazame kila mwezi."

Kisha akauliza nani amekaza.
Nikanyamaza.
"Aha," akasema.

Legeza nati ya ekseli. Skrubu ya kushoto, rudisha robo.
Ya kulia, yeye aliikaza zaidi; mkono wake wa kulia una hasira.
Gurudumu lilikuwa limekaa upogo,
likitazama shamba badala ya barabara,
na ukingo wa mkanda ulikuwa umeng'aa
kwa kujisugua kwenye ukuta wa puli.
Pima ukiwa baridi, pima mahali ulipokaza kuliko pote,
sukuma kutoka chini kwa uzito wa kilo nne na nusu:
upande unene wa penseli, usizidi, usipungue.
Na grisi? "Grisi ni ya mnyororo, mjinga wewe.
Maji na sabuni."

Nilisukuma. Ukapanda kama mgongo wa paka anayekubali mkono.
Nikafunga nati. Nikapima tena, kwa maana kufunga nako huvuta.
Nikazungusha, na hakikusikika kitu
ila mpira ukipita juu ya chuma,
kama mtu anayegeuza kurasa chumba cha pili.

Lubomyr alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.
Hakusema. Aliokota ile kokoto sakafuni,
akaigeuzageuza kwenye kiganja,
akaitia mfukoni.

"Baba, umesikia?"
Simu ilikuwa bado chini, kwenye maji ya sabuni.
Upande wake wa waya kitoroli cha chakula cha jioni
kilikuwa kinapita ukumbini: kwii, kwii, kwii.
"Mbele kushoto," akasema Onufry, si kwangu, kwa muuguzi.
"Hapana, mwanangu, usikaze. Lete maji."